Mke wa Kwenye Tangazo

Barua ya kwanza Jairos Machingura aliitamka amesimama, mikono mgongoni, kama hakimu anayesoma hukumu. Binti yake Chiedza alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, daftari magotini, naye aliandika sentensi mbili tu kabla hajaweka kalamu chini. Ya kwanza ilisema kwamba yeye Jairos ni mtunza bustani aliyefukuzwa na watu wasiojua kutofautisha mche na gugu. Ya pili ilieleza nani alikula pesa ya mbolea.

"Baba," Chiedza akasema, "hii ni barua ya kuomba kazi. Hujaenda kushtaki."

"Kwani nimesema uongo?"

Hakusema uongo. Hilo ndilo lililomchosha Chiedza. Baba yake alikuwa na ukweli mwingi kupita kiasi, na wote ulikuwa mchungu. Alivumilia, akamweleza tena, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya sokoni. Unalisoma tangazo. Kila walichokitaka unakichukua, unawarudishia pamoja na ushahidi. Wametaja bustani, nawe unataja bustani. Wametaja uvumilivu, unawaonyesha mahali ulipovumilia. Barua hukatwa kwa kipimo cha tangazo kama suruali inavyokatwa kwa kiuno cha mwenyewe. Ukipeleka ya kiuno kingine wanaitupa bila kuijaribu.

Jairos akajibu kwamba zamani mtu alikwenda langoni na jembe lake, akalima tuta moja, wakamwona. Siku hizi wakubwa wanataka kwanza uwasifie jembe.

Lakini kazi aliitaka, na kuitaka kwenyewe kulimuudhi. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa duka la mbegu: nyumba ya wageni kule juu kwenye milima ya Bvumba inatafuta watu wa kuitunza, na watapewa kijumba cha kulala humo humo kiwanjani. Kijumba hicho ndicho kilichomkosesha usingizi. Mwenye nyumba waliyopanga mtaani Sakubva alikuwa amekuja na sura ya msibani kumwambia kwamba mwanawe anarudi kutoka Johannesburg na mke, na chumba kitahitajika mwisho wa mwezi. Chiedza angeweza kujibana kwa rafiki yake wa chuoni. Mwanamume mwenye mvi angejibana kwa nani?

Basi wakaendelea. Tangazo lilitaka watu wachangamfu. Jairos akauliza kama maua ya siku hizi hayachanui mpaka yachekewe. Lilitaka watu wanaojua jenereta. Hilo halikuwa na ugomvi, kwa sababu katika nchi ambayo umeme huja kama mgeni wa harusi, kila mtu anaijua jenereta. Kisha likataka watu wanaoweza kufanya kazi chini ya shinikizo, waeleze na mfano.

"Andika hivi," Jairos akasema. "Andika nilimsukuma mama yako kwenye mkokoteni wa nyanya mpaka hospitali kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Andika tulisimamishwa njiani kupisha msafara wa mkubwa mmoja, magari mangapi sijui, yote yana mafuta. Shinikizo wanalijua wao?"

Chiedza aliinama juu ya daftari. Kisha akaandika, na alipomsomea, sentensi ilikuwa hii: "Nina uzoefu wa kufanya maamuzi ya haraka katika mazingira magumu."

Jairos akamtazama. Mkokoteni, jua lile, mkono wa Lokadia ulioning'inia ukigongagonga ubao, vyote vimeingia katika maneno hayo na mlango umefungwa. Akamwambia binti yake kwamba kumbe shule ndiyo hii: mtu anakufa, nyinyi mnaita mazingira. Chiedza akasema kwa sauti ndogo kwamba yule aliyekufa alikuwa mama yake pia, na kijumba kile hakitapatikana kwa kulia.

Neno moja lilikuwa limebaki. Walikuwa wakilizunguka tangu asubuhi kama watu wanaokula nyama wakiuacha mfupa. Ni neno la kwanza kabisa kwenye tangazo, tena kwa herufi kubwa: WANANDOA. Mume ashike bustani, kuni na jenereta. Mke ashike jiko na ufuaji.

Hapo ndipo shemeji Sekesai alipopita na sanduku lake la nyanya kichwani, akitoka sokoni. Sekesai ni mdogo wake marehemu Lokadia, mjane naye, mwanamke wa maneno mengi na soni kidogo. Kwa desturi za kwao, shemeji wa kike ni mke wa utani, naye utani huo aliushika tangu siku Jairos alipokwenda kutoa mahari na viatu vya kuazima.

"Mume wangu, mbona umenuna hivyo? Nani kakunyima sahani ya sadza? Sema nimpige."

Chiedza akamsomea mama yake mdogo tangazo. Sekesai akalitua sanduku, akajipepea kwa upindo wa kanga, akasema kwamba jambo lenyewe ni dogo. Mke si yuko hapa? Miaka yote hii anaitwa mke bure. Mara moja tu atumike.

"Acha mzaha," Jairos akasema.

"Nani anafanya mzaha? Mzaha ulikuwa wewe na yale mafiga yako."

Utani huo ulikuwa na mwiba. Kwa maana baada ya matanga, wazee wa upande wa mkewe walimleta Sekesai akiwa amejifunika shuka jipya, kama desturi inavyotaka, awe mwenye kuamsha mafiga ya dada yake, aolewe mahali pake. Na Jairos, mbele ya mashangazi wote, alisema mafiga yake waache yapoe. Hakumtazama hata usoni. Sekesai alirudi kwao na shuka lake, na kesho yake alikuwa sokoni akiuza nyanya na kutania watu kama kawaida. Hakuna aliyejua alilia au hakulia.

Sasa alikaa kwenye sanduku lake, akasema anafanya hivi kwa ajili ya Chiedza, asije mtoto akaaibika kuwa na baba anayelala kituo cha basi. Jairos akapinga, akapayuka, akasema uongo ni kazi ya wakubwa na yeye hana cheo cha kuufanya. Lakini mwezi ulikuwa unaisha, na maji yalikuwa yamefika shingoni. Mwishowe akageuka akatazama ukuta, akasema, "Andika basi."

Chiedza akaandika. Barua ikatoka imenyooka, kila neno la tangazo limepata mwenzake. Upande wa mke, alipomwuliza Sekesai anajua kupika nini, Sekesai alisema hata chai yake watu huisifu kwa uvumilivu. Hivyo Chiedza akaandika kile alichokijua: mikate, mchuzi wa karanga, chimodho cha unga wa mahindi kinachookwa kwa makaa ya juu na ya chini. Jairos alivitambua vyote, vilikuwa vya jikoni kwa Lokadia.

Barua ikajibiwa, wakaitwa. Jairos na Sekesai wakapanda mlimani katika lori la mbao, yeye na koti lake la kanisani, shemeji na viatu vya Chiedza vilivyombana hata akashuka anachechemea. Njia nzima Jairos alilalamikia barabara, mashimo yake na waliopewa kazi ya kuyaziba. Sekesai alimwambia anyamaze, mke wake anaumwa vidole.

Meneja, Bwana Dhliwayo, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu mwenye tai na miwani, mtu aliyeonekana kuchoshwa na watu tangu enzi zile za chaki. Aliwakaribisha viti ofisini, akaifungua barua, akaisifu. Alisema wengine wote wameleta barua za aina moja, zile za kuomba kazi yoyote popote; hii peke yake imejibu alichouliza. Alimuuliza Jairos juu ya mawaridi na baridi ya mlimani, juu ya jenereta, na Jairos akajibu vizuri, bila kumtukana mtu. Kisha meneja akageuza ukurasa.

"Mzee Machingura, wageni wetu hawaji kwa ajili ya maua. Wanakuja kula. Niambie wewe mwenyewe, mke wako jikoni yukoje?"

Swali lilikuwa jepesi. Jairos alifungua kinywa atoe lile jibu alilojizoeza na Chiedza, na jibu halikuja. Lililokuja ni Lokadia. Alisema mke wake hataki mtu asimame mlangoni anapopika, anasema kivuli kinapoza sufuria. Alisema huonja chumvi kwa nyuma ya mkono. Alisema chimodho hukifunika kwa bamba la bati, makaa juu, halafu huketi kando yake akiimba, na wimbo ukiisha mkate umeiva, hatazami saa. Ukimwambia umeungua anakupa kipande kilichoungua peke yake, ule, ujue tofauti. Alisema na kusema. Bwana Dhliwayo aliacha kuandika. Jairos akasikia sauti yake mwenyewe ikiendelea, ikieleza jinsi anavyofunga kitambaa, jinsi anavyogomba na kuni mbichi, na yote aliyasema kama mtu aliyeachana naye jikoni asubuhi ile.

"Bwana," Sekesai akasema.

Meneja akamgeukia.

"Bwana, huyo anayemsema siye mimi. Ni dada yangu. Tulimzika mwaka juzi. Mimi nauza nyanya." Alikuwa amekwisha vua viatu vya Chiedza, ameviweka mapajani. "Nilidhani nitaweza. Lakini siwezi kukaa hapa nimevaa mtu."

Jairos alingoja kufukuzwa. Alikuwa hata na maneno tayari ya kujibu. Lakini Bwana Dhliwayo alivua miwani, akajisugua macho, akasema yeye hakusikia kitu. Wanandoa wa kwanza waliondoka baada ya msimu mmoja, wa pili hawakumaliza hata mwezi, na leo jioni kuna wageni wanne. Barua inafaa. Watie sahihi, mume hapa na mke pale, wapewe ufunguo wa kijumba, habari za makaburini waziache makaburini. Akausogeza mkataba mezani.

Sekesai hakuwa msomi, ila mwanamke wa sokoni haguswi mkono bila kuhesabu vidole. Akauliza mshahara wake yeye ni upi.

Meneja akakohoa. Mshahara ni mmoja. Ni wa wanandoa, unapitia kwa mume kama kichwa cha nyumba. Wenye mali, ambao wanakaa ng'ambo, ndivyo walivyopanga.

Hapo Jairos akaelewa, na kuelewa kulimpanda kichwani kama moshi. Kumbe lile neno kwa herufi kubwa halikuwa la mapenzi wala la heshima. Wametaka wanandoa kwa sababu mke huja bure. Watu wawili kwa sahani moja. Akakumbuka asubuhi ile walivyolizunguka neno lile, yeye akidhani wanamkumbusha ujane wake, na wenye mali wala hawakuwaza jambo kubwa kiasi hicho. Walikuwa wanabana matumizi.

Akamtazama Sekesai. Naye alikuwa anamtazama yeye, anangoja. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Jairos. Maisha yake yote amelaani watu wanaotia sahihi juu ya jasho la wengine, na leo kalamu imemfikia yeye, na upande wa pili wa sahihi hiyo kuna paa.

"Shumba," Sekesai akamwita kwa jina la ukoo wake, bila utani. "Ukitia jina langu pale sitakulaumu. Lakini sitakuja."

"Sitii," Jairos akasema.

Akamwambia meneja afute upande wa mke. Bwana Dhliwayo akauliza kwa ukali nani basi atapika, nani atafua, au anadhani wageni watakula mawaridi. Jairos akasema mkewe alipokufa hakuna serikali wala kampuni iliyomletea mpishi. Alijipikia, akafua, akaunguza, akajifunza. Si kama yeye Lokadia. Wimbo hautakuwepo. Lakini watashiba. Mshahara wao ni mmoja na mtu atakuwa mmoja, nayo itakuwa mara ya kwanza hesabu ya wakubwa kutoka sawa.

"Kazi ya watu wawili utaiweza?" meneja akauliza.

"Sitaiweza. Hata hao wawili mliokuwa nao hawakuiweza. Utatafuta mtu wa pili, umlipe. Mpaka hapo nitafanya nitakachoweza."

Bwana Dhliwayo alitazama saa ya ukutani, kisha dirishani ambako barabara ya wageni ilipanda ikipotea kwenye ukungu. Akaandika "kwa muda" pembeni ya mkataba, akakata upande wa mke kwa mstari mmoja, akauma meno. Jairos akatia sahihi.

Nje, Sekesai alisimama peku kwenye majani yenye umande, viatu mkononi, akingoja lori lishuke. Jairos alitaka kumwambia jambo juu ya siku ile ya shuka. Alilitafuta, akasema tu kwamba baridi ni kali, angevaa viatu.

"Vinabana," Sekesai akasema. "Nenda kapike."

Lori likaja, akapanda mbele kwa dereva, na kabla halijakata kona alikuwa amekwisha anza kubishana na dereva juu ya nauli.

Jairos akarudi ndani. Jiko lilikuwa kubwa, safi, baridi kama kanisa siku ya Jumatatu. Meneja alikuwa mlangoni, akizuia mwanga.

"Wageni wanafika saa kumi," akasema.

"Basi toka hapo mlangoni," Jairos akamwambia, "na unionyeshe unga uliko."