Mizani ya Shomoro

Kila siku saa kumi jioni Jasuben alifunga duka lake pale Magu, akachomeka waya wa kamera kwenye televisheni, akaketi kutazama shomoro. Kamera ilikuwa ya mwanawe Ravi, mpiga picha za harusi. Mwaka huo wa tisini na sita harusi zilikuwa chache, kwa hiyo aliifunga ndani ya kisanduku cha mbao uani, walimojenga shomoro, ili mama yake asikae mpweke.

Shomoro jike alikuwa na makinda wanne na mizani. Kila funza wa pamba aliyeletwa alitundikwa kwenye ndoano, mama akangoja mshale utulie, ndipo akalisha. Hakuna kinda aliyepunjwa. Jasuben, aliyeuza sukari ya kupima miaka thelathini, alimwona ni mfanyabiashara safi, na akawaambia majirani.

Suzana akasikia. Alibakiwa na gunia moja la pamba, na kwa bei ya msimu ule kilo sitini zingempeleka binti yake Modesta kidato cha kwanza Nyegezi. Mizani ya mnunuzi mpya, aliyekuja ushirika ulipofunga ghala, ilisema hamsini na moja.

"Mama Ravi, naomba ndege wako wanipimie."

"Lete. Ila ngoja wamalize kula."

Shomoro wawili walilivuta gunia likapita kwenye tundu lenye upana wa kizibo cha soda. Walichukua muda, maana lilikuwa limeshindiliwa. Kwenye kioo cha televisheni jike alionekana akichokoachokoa pamba, akatoa jiwe, akaliweka kando. Suzana akatazama dari. Karibu Magu nzima iliweka mawe mwaka ule. Ukishajua mizani inakula, unailisha.

Mshale ulitulia kwenye sitini na moja.

Jasuben alimwita Chenge, karani wa mnunuzi, aje aone mwenyewe. Chenge alikuja, akasema shikamoo, akanywa chai na kula bagia tatu, kisha akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Ndege hawajakosea," alikiri. "Sitini na moja."

"Basi andika hivyo, kaka," alisema Suzana.

"Dada, mizani yao ni nzuri sana. Ila lori ni letu."

Hakusema kwa ubaya. Aliaga vizuri, akasifia bagia.

Lori lilikuwa linaondoka kesho yake, na hapakuwa na jingine. Suzana akapeleka gunia. Sasa halikuwa na jiwe, na mizani ya mnunuzi ikasoma arobaini na nane. Chenge alimwonea huruma kweli, hata akamsaidia kulipandisha garini. Suzana alilia njia nzima hadi nyumbani, wala hakujificha.

Shule zilipofunguliwa Januari, Modesta alibaki Magu. Jioni alikwenda kwa Jasuben, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akamsomea mshale. Shomoro walikuwa na uzao mwingine, makinda watano, wa mwisho mdogo kama kokwa la embe.

"Wa mwisho kapata ngapi?" aliuliza Jasuben.

"Gramu mbili, bibi."

"Kamili?"

Modesta alisogea karibu na kioo, akangoja mshale utulie.

"Kamili."