Meno Thelathini na Sita

Mama Mita alikuwa akiiosha pikipiki kwa ajili ya mtu atakayekuja kuichukua. Ndipo mambo yalipofikia. Mnunuzi angekuja saa tano asubuhi, akiongozwa na mwana wa Mama Mita mwenyewe, na pikipiki ingepelekwa kwenye hoteli ya huyo bwana, ikaushwe mafuta, isimamishwe mapokezini ili wageni waipande na kupigwa picha. Mashine iliyomzungusha mji mzima miaka ishirini na minane akisoma mita za maji za watu, leo iwe pambo! Alisugua matope kwa mswaki uliochakaa, machozi yakimlengalenga, huku akijikaripia aache upuuzi, chuma ni chuma.

Mswaki ulipofika kwenye ekseli, ule mhimili wa gurudumu la nyuma, mkono wake ukasita.

Pale ekseli inapokazwa kuna mistari midogo inayoonyesha gurudumu limevutwa nyuma kiasi gani ili mnyororo ukaze. Mnyororo ule alikuwa ameubadilisha mwenyewe miezi mitano tu iliyopita, na ekseli aliiacha kwenye mstari wa tatu. Sasa ilikuwa imesukumwa mpaka mstari wa mwisho. Mnyororo mpya haurefuki hivyo hata ukiuburuzia gogo. Hapakuwa na maelezo mengine: mtu ameibadilisha sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, akaweka ndogo zaidi.

Pikipiki hizi za kizamani zina kava linalofunika mnyororo wote, ndiyo maana hakuona kitu. Akafungua skrubu nne, akatia alama ya chaki kwenye jino moja, akalizungusha gurudumu kwa mkono huku akihesabu kwa sauti. Thelathini na sita. Akarudia. Thelathini na sita. Mara ya tatu aligonga kila jino kwa ukucha, na jibu likawa lile lile. Yalitakiwa kuwa arobaini na matano.

"Wamenifanya zuzu," alisema peke yake pale uani. "Mimi! Wamenichezea shere mimi!"

Asiyewahi kushika spana anaweza kuuliza, meno tisa ni kitu gani cha kumpandisha mtu mori? Basi na aelewe. Sproketi kubwa nyuma huipa pikipiki nguvu ya kupanda, ila mwendo unapungua. Ndogo huipa mwendo, lakini ukiipeleka kwenye mwinuko inakohoa na kuzima. Miaka kumi na mmoja iliyopita, yeye na Fundi Mbavu walimaliza Jumapili nne wakijaribu sproketi moja baada ya nyingine kwenye kilima anakoishi dada yake. Ya meno arobaini na mawili ilikata pumzi kwenye kona ya pili. Ya arobaini na manane ilipanda bila kusukumwa, ila kwenye tambarare ilipiga makelele hadi watu wakachungulia madirishani. Ya arobaini na matano ikafaa kote kote. Walipeana mikono yenye grisi siku hiyo wakacheka kama watoto.

Na kilima chenyewe si cha mchezo. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, alikuwa amepoteza macho yote mawili na aliishi nyumba ya mwisho juu kabisa, kwenye njia ya mawe ambayo teksi huikataa na magoti ya Mama Mita hayaiwezi tena. Kila baada ya siku moja Mama Mita alipanda kwenda kumwosha na kumbadilishia bandeji ya kidonda cha mguu, kidonda kisichotaka kupona.

Halafu, wiki mbili zilizopita, pikipiki ikatoka kwa Fundi Mbavu kufanyiwa matengenezo ya kawaida, na ikakataa kilima. Alijaribu siku tatu tofauti. Kila mara ilizimika kwenye kona ya pili, klachi ikinuka kuungua, na kila mara aligeuza akateremka kwa aibu. Fundi Mbavu akamwambia injini imechoka. Mwanawe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, akamshika bega na kumwambia, "Mama, kila kitu kina mwisho wake." Mama Mita akampigia dada yake simu kumwambia injini imekufa, dada akajibu "Haya" na kukata. Kisha mwanawe akamletea habari za mnunuzi, naye akamshukuru. Alimshukuru! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Alirudisha kava, akapiga kiki, pikipiki ikawaka mara moja, akaenda gereji na ndala zake za bafuni miguuni.

Fundi Mbavu, ambaye jina hilo alilipata kwa wembamba wake, alikuwa amekalia tairi akinywa chai.

"Karibu Mama Mita. Leo si ndiyo siku ya..."

"Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Meno ya sproketi ya nyuma. Kwa sauti. Nataka nikusikie."

Fundi alilitazama gurudumu, akaitazama chai yake, akaiweka chini. "Mama Mita, mimi nilitumwa."

"Ulitumwa! Mtu mzima una wajukuu, unatumwa kama umetumwa chumvi dukani? Na nani?"

Fundi alivuta droo ya meza ya kazi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ule Mama Mita aliufahamu tangu ulipokuwa wa penseli. Mwanawe alikuwa amepiga hesabu zake zote pale: mwinuko wa kilima, uzito wa mama yake, nguvu ya injini, uwiano wa sproketi ya mbele na ya nyuma. Chini kabisa aliandika, akapigia mstari: "36. Kilima haitapanda. Tambarare itaenda vizuri, kwa hiyo hatashtuka."

Hatashtuka. Mama Mita alilisoma neno hilo mpaka herufi zikaanza kucheza.

"Alisema ulianguka wakati wa mvua ukatuficha," Fundi Mbavu alijitetea. "Akaniambia, ukifa, damu yako iko mikononi mwangu mimi ninayekutengenezea. Ningefanyaje?"

"Ungemkatalia ukaendelea na chai yako! Wewe ulinitazama machoni ukaniambia injini imechoka. Nimelala wiki mbili nikijua nimekwisha, mimi na mashine yangu. Jumapili nne tulikaa kwenye kile kilima, mimi na wewe. Ulijua kila jino linafanya nini. Yeye ni mtoto, anajua hesabu tu. Wewe ulijua!"

Fundi akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Sikusamehe. Labda mwakani. Sproketi zetu ziko wapi?"

Zilikuwa ukutani, zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Fundi akaitungua ile ya arobaini na matano na kuipangusa kwa kitambaa.

"Siyo hiyo. Lete ya arobaini na manane."

"Hiyo? Utatambaa, Mama Mita. Hata wanaotembea kwa miguu watakupita."

"Wacha wanipite. Unadhani sijui kwamba nimezeeka? Tangu siku ile niliyoanguka nilikuwa nataka gia nyepesi, nipande taratibu bila kupigana na klachi. Nilipanga kukwambia siku ile ile nilipokuletea. Nikakukuta una haraka, hunitazami usoni, nikasema nitamwambia safari nyingine. Kumbe haraka yenyewe ilikuwa hii!"

Alimnyang'anya spana. Alilitoa gurudumu mwenyewe, Fundi Mbavu akibaki kumshikia tochi na kumpa nati anazozitaka. Mnyororo ulitosha kwa shida, ekseli ikasogea mbele karibu na mstari wa kwanza. Alikuwa anakaza nati ya mwisho gari la mwanawe liliposimama mlangoni, mnunuzi amekaa kiti cha mbele na suti yake.

"Mama, tumekutafuta nyumbani..." Mwanawe akaiona ile karatasi juu ya meza.

Mama Mita alimgeukia mnunuzi kwanza. "Baba, samahani kwa usumbufu. Pikipiki haiuzwi. Ukitaka kulalamika, mlalamikie huyu." Mnunuzi aliwatazama mama na mwana, akaona hapo hapana biashara, akaenda zake kutafuta teksi.

"Ulianguka, Mama," mwanawe alianza. "Nilikiona kiwiko chako. Hukusema kitu, ukavaa mikono mirefu wiki nzima kwenye joto lile. Nilikuwa silali. Kila simu ikilia najua ni habari yako."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa!"

"Ndiyo, ningekataa! Ningekataa, tukagombana, ukanuna, nikanuna, na mwisho ningekwambia fundi aniwekee hii hapa." Aliigonga sproketi kwa spana. "Hii inakwenda polepole na inapanda. Hesabu zako zote hizo, hukuiona? Ulitafuta ya kunizuia tu. Wewe ni mwanangu, nimekufundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, leo unanihesabia mimi!"

"Nilifanya kwa kukupenda."

"Basi nipende kwa mdomo. Toka mbele ya pikipiki."

Kilima alikipanda kwa gia namba moja tangu chini mpaka juu. Mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani alimpita kwenye kona ya pili, akamwonea huruma, akampungia mkono. Injini ililalamika lakini haikukohoa hata mara moja. Mama Mita alitaka kupiga kelele za furaha, akashindwa, kwa sababu hasira zilikuwa bado hazijamtoka.

Dada yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Nani?"

"Mimi, dada."

"Mimi nani?"

Alijua fika ni nani. Mama Mita alipiga magoti, yakamuuma, akaunyooshea mkono mguu wenye kidonda. Jirani alikuwa ameufunga ovyo ovyo na bandeji ilishabadilika rangi. Dada akaurudisha mguu chini ya kigoda.

"Uache. Jirani ataufunga."

"Dada, nilikwambia kwenye simu..."

"Uliniambia injini imekufa. Mimi macho ndiyo yamekufa, masikio ninayo. Mara tatu nimekusikia ukija. Unafika kona ya pili, inazimika kidogo, kisha inawaka vizuri kabisa na kuteremka. Injini iliyokufa haiwaki hivyo. Nikasema, basi, mdogo wangu amekinai harufu ya mguu wangu. Anafika njiani, roho inamkataa, anarudi. Hilo ningelimeza. Ila kunidanganya, sikutegemea kwako."

Mama Mita alifungua kinywa amweleze habari za meno, mnyororo na karatasi. Akajisikia jinsi itakavyokuwa: maneno mengi ya mtu aliyeshikwa na uongo. Hata yeye asingeyaamini.

Akatoa simu, akampigia mwanawe, na alipopokea hakumpa nafasi ya kusalimu.

"Niko kwa mama yako mkubwa," alisema. "Amekaa wiki mbili akijua nimemkimbia. Mweleze wewe kwenye kona ya pili kulikuwa na nini. Usiruke kitu."

Akamwekea dada simu mkononi, akaivuta bandeji taratibu. Mguu haukurudi nyuma, lakini haukulegea pia. Dada aliikaza simu sikioni, akasikiliza kitambo, uso umekunjamana.

"Acha kulia," hatimaye alimwambia mwalimu wa hesabu. "Sijakwambia ulie. Nimekwambia nieleze."