Ukanda Asiokuwamo Jaku

Miaka minane Jaku alikuwa akiweka mkono begani kwa Makungu, wakatoka mtaani Malindi mpaka klabuni kwao kwa taarabu. Jaku alikuwa kipofu tokea utotoni, lakini fidla aliipiga kuwashinda wenye macho yao mawili, na nusu ya nyimbo za klabu alizitunga yeye. Makungu naye alipiga fidla, ila ya pili. Ya pili daima! Hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa.

Mwaka 1968 redio ilitaka kurikodi ukandani wimbo mpya wa Jaku, siku ya Alkhamisi. Makungu akatumwa kumjuilisha. Akamwambia Jumamosi. Klabuni akasema Jaku ana homa, na kiti cha mbele akakikalia yeye.

Jumamosi Jaku alijifukiza udi, akakaa barazani na fidla mapajani mpaka adhuhuri. Wimbo ulipotoka redioni, aliusikiliza mpaka mwisho. Upinde wa kila mpigaji aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Makungu alipokwenda kwake, Jaku alimwambia: "Umeingia mapema kwenye kiitikio. Siku nyengine vuta pumzi kwanza." Basi. Afadhali angemtukana. Jaku akamwekea mkono begani, wakenda klabuni.

Redio iliwaita tena mara mbili. Mara zote mbili Makungu alimficha Jaku, kwa kuchelea uongo wa kwanza usifichuke. Njia ya mwongo fupi, lakini yeye aliirefusha kwa miaka mitatu, mpaka Jaku akafa na Makungu hajamwomba radhi.

Siku ya khitma redio iliupiga wimbo ule kumkumbuka marehemu.

"Sikilizeni mkono wa Jaku!" wazee wa mtaani walisema, machozi yakiwatoka. Makungu aliinamisha kichwa kwa aibu, watu wakadhani ni msiba.

Mjane wa Jaku, Bi Mwatum, alikuwa yumo edani. Akamwita, akasema naye nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka.

"Shemegi Makungu."

"Naam, Bi Mwatum."

"Ule mkono wako. N'najua."

Makungu alisogelea pazia. "Nani kakwambia?"

"Jaku mwenyewe, siku ile ile. Akanikataza nisikuulize. Akasema, Makungu rafiki yangu, ataona haya, na siku nyengine atanipeleka. Sasa shemegi, redio iliwaita tena, na kila siku mkitoka pamoja; ule ukanda wa siku uliyompeleka, akapiga mwenyewe, kaniletee. N'nataka nimsikie japo mara moja."