Vitunguu Ndani ya Kihenge cha Mtama

Shemeji yangu Iliya ana kichwa kikubwa, ila sijui Mungu alitia nini ndani. Hapa kijijini Galmi hata anayenyonya anajua: mtama unafungiwa kwenye kihenge cha udongo, kitunguu kinalazwa kwenye kibanda cha nyasi, kipate upepo. Iliya akaja na akili mpya. Eti kibanda cha nyasi kinakaribisha wezi. Akavijaza vitunguu vya mama yake kihengeni, vingine shingo bado mbichi, kisha akaenda kuchota maji ya kukandia tope la kuzibia mdomo.

Ujinga wake ningemwachia mwenyewe. Lakini humo alitia na kikapu cha vile vya mbegu, ambavyo mama mkwe wangu Tsahara, tunayemwita Inna, yaani mama, amekuwa akivizalisha mwaka hadi mwaka tangu alipoolewa. Vikifa hivyo, mbegu ya nyumba hii imekwisha. Nilikuwa nimeshamwambia. Akanijibu kwamba mwanamke aliyekuja kuolewa hamfundishi kilimo mwenye shamba. Mwenye shamba! Jembe lenyewe hulishika kwa kuegemea.

Basi alipokwenda kisimani nikapanda juu ya kihenge, nikatoa kikapu cha mbegu, nikakitundika jikoni kwangu juu ya mafiga, penye moshi. Akarudi, akaziba, akajipongeza.

Masika yalipokwisha, kihenge kilikuwa kinatoa maji meusi chini. Kwa harufu ile hata mbuzi walibadili njia. Iliya akabomoa mdomo, akakuta uji. Na wiki hiyohiyo Inna akaagiza mbegu zake, siku za kupanda zimefika. Jitu zima likakaa chini likalia.

Sikumhurumia, nasema kweli. Nilimhurumia Inna. Nikamtupia kikapu miguuni. "Mpelekee mama yako. Na umwambie vilikuwa wapi."

Nikamfuata nyuma, maana namjua. Akapiga magoti mbele ya mama yake, machozi yameshakauka.

"Inna, hivi niliviweka kando mapema," akasema bila hata kupepesa macho. "Nilijua kihenge kinaweza kuleta shida."

Nilitamani kumzaba kibao. Inna akachukua kitunguu kimoja, akakigeuzageuza, akakipeleka puani. Akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Iliya mwanangu," akamwuliza taratibu, "huko kando ulikoviweka kunapikwa tangu lini?"

Iliya akainamia vidole vyake vya miguu. Inna akasukuma kikapu kuelekea kwangu, akaniambia nianze kupanda kwenye majaruba ya karibu na kisima.