Ndege Aliyesinzia

Dada yangu ametarizi mashuka tangu usichana wake. Katika kila shuka anaweka kundi la ndege, na katika kila kundi ndege mmoja amefumba jicho. Ukimuuliza sababu anakujibu, "Umeona wapi watu wengi hivyo wote wakawa macho?" Zaidi ya hapo hupati kitu, na mimi nimemuuliza kila ninaporudi kutoka huko ninakozurura.

Safari hii nilimkuta ameiweka sindano chini. Vidole vimegoma. Mwanawe, yaani mpwa wangu, ameihamishia kazi kwenye kompyuta chumba cha mbele, pale lilipokuwa kabati la vyombo. Siku hiyo walikuwa wanamngoja mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, anayetaka mashuka na mapazia ya vyumba vyote. Akikubali mchoro, unakwenda kiwandani kuchapwa. Mpwa alishaacha kazi ya watu kwa kuitegemea hii. Lakini dada naye alishasema lake: bila ndege wake aliyelala, mchoro hautoki mlangoni.

"Mjomba, sogea uone," mpwa akaniita. "Ndege niliyemchora ni mmoja tu. Huyu hapa pembeni, nje ya shuka."

"Na hili jeshi lote?"

"Nakala zake. Ila si nakala za kutupwa huru. Zimefungwa kwake. Tazama."

Akamvuta mkia yule wa pembeni. Kundi zima likarefuka mikia kwa mpigo mmoja. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Nimepaka rangi kuta za watu, nimelinda maghala, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara. Utii wa namna ile sijauona popote.

"Sasa ukitaka mmoja awe tofauti?"

"Kumgeuza, kumpunguza, kumlaza, ruksa. Bado atamfuata mkubwa wake. Asichoweza ni kubadilishwa umbo peke yake. Ukitaka hivyo, unakata kiungo. Na ukishakata, mkubwa akibadilika yeye hana habari."

Ndivyo alivyomfanya ndege wa mama yake. Alimkata, akamfumba jicho. Dada akaja kuinama mbele ya skrini, akaguna, akasema, "Huyo ndiye." Ukimjua dada yangu, hiyo ni hotuba ndefu.

Mteja akaingia, viatu mkononi, maana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Akautazama mchoro kwa utulivu, na uso ukamfunguka.

"Nimeupenda. Ila hii midomo, mdogo wangu, mirefu mno. Wageni wangu watadhani watadonolewa usingizini."

"Hilo dogo," mpwa akasema, akamfupisha mdomo yule wa pembeni. Kundi zima likafupika midomo. Kasoro mmoja.

"Na huyu wa ukoo gani?" Mteja akaweka kidole kwenye skrini. "Mbona ana mdomo wa korongo?"

"Huyo namrekebisha peke yake, sasa hivi."

"Leo mdomo. Kesho nikitaka mabawa, utamkumbuka tena? Kitu kikishachapwa kimechapwa. Mimi nataka kundi moja, ndugu yangu. Mtoe huyo."

"Basi toa wote," dada akasema, wala hakupandisha sauti.

Mpwa akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. Kisha akamfuta ndege yule wa mama yake. Dada akakunja mikono. Mpwa akaleta nakala mpya, iliyofungwa kwa mkubwa kama wenzake, akaiweka palepale, akaishika kwenye kona na kuizungusha. Ndege akalala chali, miguu juu.

"Amekufa huyo," mteja akasema.

"Hata mimi naona tumefika msibani," nikasema. Dada akanikata jicho.

Mpwa akamrudisha polepole, hadi ndege akabaki ameinama, kichwa kimetangulia chini, kama mtu aliyechoka kwenye benchi la kumsubiri daktari. Mdomo wake mfupi, kama wa wenzake.

"Huyu hajakatwa," akaeleza. "Ukitaka mabawa mengine, naye anayapata."

Mteja akainamisha shingo upande ule ule wa ndege. "Huyu simkatai. Ni mwenzao, amezidiwa tu."

Wote tukamgeukia dada.

"Jicho liko wazi," akasema.

Akausogelea mchoro, akautazama, halafu akanitazama mimi kwa muda ambao sikuupenda.

"Kaka yangu huyu," akamwambia mteja, "tangu utotoni analala macho wazi. Marehemu mama alikuwa akimwita, akimwita, akidhani ni kiburi."

"Kumbe watu wa hivyo wapo."

"Si huyo mbele yako? Mwinamishe kidogo tena, mwanangu. Kidogo. Hapo, acha."

Mteja akavaa kiatu kimoja, akakumbuka mapazia. Mpwa akataka kumweka msinziaji mahali pale pale alipo kwenye shuka, kazi iishe.

"Hata kidogo," dada akasema, akajivutia kiti. "Kwenye pazia analala kwingine. Ngoja nikuonyeshe."