Damu Iliyomsingizia Balbina

Muuguzi wa kliniki alimwita Balbina pembeni, mbali na benchi lililojaa wanawake aliokuwa akisali nao kanisa moja. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba damu yake imeonyesha kaswende, na kwamba yeye na mumewe wachomwe sindano haraka, kwa usalama wa mimba. Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu aliyezoea kuyasema. Balbina aliitikia, akaaga, akatoka nje taratibu, akijitahidi asikutane na macho ya mtu.

Njiani alikuwa na uhakika wa jambo moja. Yeye hakuwahi kumjua mwanamume mwingine. Basi ni Anselim. Mumewe alikuwa fundi baiskeli hapo Ifakara, na mara kwa mara alipanda treni kwenda Mang'ula kwa wateja wake, akalala hukohuko. Sasa Balbina aliona amepata maana ya safari zile.

Anselim alimsikiliza akiwa na mikono iliyojaa grisi. Naye moyoni alikuwa na uhakika wake kwamba ugonjwa umetoka kwa Balbina, maana hakuwa amefanya lolote huko Mang'ula zaidi ya kuziba pancha na kunyoosha rimu. Walikwenda pamoja kuchomwa penisilini, wakarudi pamoja, kila mmoja akijiona ndiye aliyeonewa. Hawakugombana. Pengine wangegombana, mambo yangetoka nje mapema.

Mimba iliharibika, kama ile iliyotangulia. Walibaki na binti yao mmoja tu, Careen, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule wa tisini na tatu. Uchungu ulipomzidi, Anselim alivuka mto kwa kivuko, akaenda Lupiro kwa baba mkwe wake, Mzee Melkiori, akaeleza mbele ya shemeji zake kwamba dada yao amemletea ugonjwa wa aibu ndani ya nyumba. Balbina aliitwa, baba yake akamuuliza. Alikana. Mzee hakumkemea wala hakumfukuza. Alimwambia arudi kwa mumewe, na toka siku hiyo alipopokea shikamoo yake alikuwa akitazama kando.

Baadaye ndipo mwili ulipoanza kumgeuka. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa, hata kushika mundu wa kuvunia mpunga hawezi. Akishinda juani shambani, mashavu yake yalitoka wekundu uliovuka pua toka upande mmoja hadi mwingine. Nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo. Homa ilikuja na kuondoka, akatibiwa malaria tena na tena. Majirani wakaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa ule ambao miaka ile watu walikuwa hawautaji kwa jina, na Balbina mwenyewe akaamini. Akaanza kumfundisha Careen kusonga ugali na kuchambua mchele, kwa haraka isiyo ya kawaida, bila kumwambia sababu.

Ni Anselim aliyempakia kwenye baiskeli akampeleka hospitali. Waliokuwa wagumu kuzungumza walikuwa bado hawajawa wagumu kusaidiana.

Daktari aliyempokea aliitwa Mbuke, mwanamke wa Kisukuma, mrefu, mwenye kuuliza maswali mengi bila haraka. Kipimo cha ukimwi kilipotoka safi hakuridhika. Alimkagua vidole, akamtazama mashavu, akauliza kama mkojo unatoa povu, akauliza mimba ngapi zimeharibika. Kisha akauliza kama aliwahi kuambiwa ana kaswende.

Balbina alitazama kwanza mlangoni. Halafu akasema ndiyo.

Daktari hakushtuka. Alionekana kama aliyekuwa akilisubiri jibu hilo. Akachukua damu nyingine, akaipeleka Dar es Salaam kwenye vipimo ambavyo Ifakara havikuwepo. Majibu yaliporudi, alimwita Balbina peke yake na kufunga mlango.

"Mama Careen, wewe hujawahi kuugua kaswende. Hata siku moja."

"Mbona damu ilisema ninayo?"

"Kile kipimo cha kliniki hakitafuti kijidudu chenyewe. Kinatafuta alama fulani kwenye damu. Mwenye kaswende huwa nayo, na mwenye ugonjwa wako naye anaweza kuwa nayo."

Ugonjwa huo, akaeleza, unaitwa lupasi. Askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na maradhi, wanamshambulia mwenye mwili: leo viungo, kesho ngozi, kesho kutwa figo. Hata mimba huenda ziliharibika kwa sababu hiyo. Hakuna aliyemwambukiza, na ugonjwa wenyewe hauponi, ila unaweza kutulizwa. Akampa vidonge vya kutuliza askari hao, na pamoja navyo klorokwini, ileile chungu ya malaria, ambayo Balbina alidhani ameshaimaliza yote duniani.

Njiani kurudi alijaribu kufurahi, akashindwa. Kipimo kilichomsafisha yeye kilikuwa kimemsafisha na Anselim, na muda wote huu alikuwa akimpikia, akimfulia, huku akimwona mchafu. Alifikiri hata kunyamaza. Jioni, Careen alipotumwa kwa jirani, akamweleza mumewe yote.

Anselim alisugua grisi iliyobaki kwenye viganja vyake.

"Kwa hiyo Lupiro nilikwenda bure," akasema hatimaye.

"Hukwenda bure. Ulikwenda kunizika."

Hakujitetea. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, walivuka wote wawili kwenda Lupiro. Mbele ya shemeji walewale, Anselim alirudia kila neno alilolisema mara ya kwanza, kisha akalikana moja baada ya jingine. Mzee Melkiori aliuliza kama mwanawe atapona. Balbina akamjibu kwamba hatapona, atatulia. Mzee akatikisa kichwa, akamtazama usoni, akasema, "Nilikuuliza mara moja tu, mwanangu. Ilinipasa nikuulize tena." Balbina hakumwambia kwamba yamekwisha, maana kwake yalikuwa hayajaisha.

Miaka miwili mbele, vidole vilikuwa vimelainika na mashavu yamepoa. Balbina alitaka mtoto. Daktari Mbuke akasema kwanza waulize damu. Kwenye maabara damu yake iliwekwa ndani ya kijibomba chembamba cha kioo, kikasimamishwa wima kwa saa nzima ili kuona wekundu unashuka kwa kasi gani. Ugonjwa ukitulia, wekundu hushuka polepole. Wa Balbina ulishuka upesi, na mkojo nao ulikuwa na protini, dalili kwamba figo zinaumia.

"Lakini mimi ni mzima, daktari. Jana nimepalilia hadi adhuhuri."

"Najua. Damu inasema ugonjwa umeamka."

"Damu hii ilishanisingizia. Leo niiamini?"

Daktari Mbuke alisogeza kiti chake karibu. Akasema kwamba siku ile kliniki damu ilionyesha alama, na alama ilikuwepo kweli. Watu ndio waliokimbilia kuipa maana moja. Ndiyo maana leo hajaangalia kijibomba peke yake. Ameangalia na mkojo, na atamwangalia yeye mwenyewe mwezi hadi mwezi.

Balbina alirudi nyumbani na hasira. Vidonge vya kutuliza askari viliongezwa, vikamvimbisha uso, na alivimeza akiwa nusu anaamini. Kabla ya mpunga kukomaa miguu ilianza kujaa maji, akaelewa kwamba figo zilikuwa taabani tangu ile siku aliyojisikia mzima. Hapo akaacha kubishana. Akasubiri mpaka damu na mkojo na mwili vikasema jambo moja kwa muda mrefu, ndipo akashika mimba, akimeza kila siku kipande kidogo cha aspirini alichoandikiwa ili kuilinda mimba.

Viktor alizaliwa mdogo sana, kabla ya siku zake, mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba. Aliishi.

Lupasi haikuondoka. Zipo asubuhi ambazo vidole vya Balbina vinakataa kufunga kifungo, na siku hizo Anselim humvika mtoto, kwa ile mikono isiyotakata grisi hata akisugua. Mengine kati yao bado hawajayasema. Ila Anselim akipanda treni kwenda Mang'ula, Balbina humfungia chakula cha njiani, na akirudi hamuulizi alilala wapi.