Kabari Mfukoni

Mimi nafua nguo za madereva wa treni. Ovaroli, mashati, wakati mwingine na soksi, ingawa zile soksi simwombei hata adui yangu. Nimeifanya kazi hii tangu mume wangu alipofariki, na ningekuwa nimeshaizoea kama si moshi. Unafua, unasuuza, unaanika, kamba nzima inang'aa. Ukigeuka kuchukua vibanio, masizi yameshatua. Unaanza upya. Nimetukana ule upande wa reli mpaka matusi yameniishia.

Nyumba yetu iko safu ya mwisho ya kota. Ukuta wa nyuma unatazamana na njia ambapo injini huegeshwa zikisubiri kufungiwa mabehewa. Injini za dizeli, kubwa, zilizochoka. Dereva anaileta, anaisimamisha, anashuka kwenda zake kunywa chai, na injini anaiacha inaunguruma. Inaunguruma asubuhi, inaunguruma mchana. Hii ikiondoka nyingine imeshafika. Vikombe vinatetemeka kabatini. Sisi wa nyumba hii tukiongea tunafokeana, si kwa ubaya, ndivyo tulivyo. Wageni hudhani tunagombana kuanzia kiamsha kinywa.

Mwanangu ni mmoja wa madereva hao, kama baba yake. Kazi imeshamla masikio. Ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki, mpaka umguse bega. Tunaishi naye, na mkewe, na binti yao wa pekee, ambaye namwita mke mwenzangu, kwa sababu babu yake hakumkuta duniani lakini ile picha yake ya ukutani ameshaitwaa, anasema huyo ni mume wake na mimi nimezeeka, nimwachie. Ana mdomo huyo, sijui kautoa wapi. Mama yake anasema anajua vizuri sana kautoa wapi.

Lakini ana pumu. Siku hizi hata kunichokoza hawezi kwa mkupuo mmoja. Anaanza neno, anakatika, anavuta hewa mabega yakipanda, ndipo anamalizia. Daktari alituambia mimi na mkwe wangu bila kuzunguka: moshi ule uondoke au mtoto aondoke, maana siku moja ile dawa ya kuvuta haitafua dafu. Basi mkwe wangu akaamua. Jumamosi atampeleka kwa shangazi yake, mbali, kusikokuwa na reli, akasome huko na akulie huko. Mimi nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nafukuta. Nyumba ile bila yule mtoto ningeifanyia nini?

Baba yake alipoelezwa alitikisa kichwa. "Mama, watoto wote wanakohoa. Mimi si nimekulia hapa hapa?" Akitoka kazini anamkuta binti yake amekaa mkekani, anamchekea, anaona mzima. Akasema kama mkewe ameona aende, aende tu, asije akaonekana yeye ndiye mbaya.

Sasa, siku mbili kabla ya safari hiyo, nilikuwa uani na beseni zangu. Mimi mifuko naipekua kwanza, maana kalamu moja ya wino imewahi kuniharibia pipa zima. Kwenye ovaroli ya kwanza nikakuta kabari, kipande cha mti kilichochongwa upande mmoja kikawa chembamba, ukubwa wa kidole gumba. Nikakiweka pembeni, maana vya namna hiyo nimeshavikuta kimoja kimoja nikavirudisha bila kuuliza. Ovaroli ya pili, kabari. Ya tatu, kabari. Nikasema makubwa haya. Wanaume wazima, kila mmoja na kijiti chake, kama watoto wanaokwenda kucheza.

Fundi wa umeme wa karakana alikuwa anaingia na nguo zake. Ni binti mdogo tu, amekonda, lakini kazi yake anaijua na madereva wanamwogopa kidogo. Akaziona zile kabari nimezipanga kwenye tofali. Akaweka mfuko wake chini, akakaa kwenye ndoo.

"Kumbe ndizo hizi," akasema.

"Ndizo nini, mwanangu?"

Akanieleza. Miezi kadhaa iliyopita karakana ilifunga mashine ndogo kwenye kila injini. Injini ikisimama muda bila dereva kugusa mkono wa kuendeshea, ile mashine inaizima yenyewe, halafu inabaki inachaji betri na kupasha maji moto, ili injini iwake kirahisi ikihitajika. Moshi unapungua, kelele zinapungua, na mafuta pia. Wao karakana walishangaa kuona hakuna kinachobadilika. Wamepima nyaya, wamebadilisha vifaa, mkubwa wao ameshamfokea yeye kwamba kazi yake mbovu.

"Kumbe wanachomeka hiki kwenye mkono wa kuendeshea," akasema. "Mashine inadhani dereva yupo pale, ameshika."

Niliangalia zile kabari, halafu nikaangalia mlango wa chumba alimolala mjukuu wangu. Dawa ya moshi ilikuwepo muda wote, iko pale nyuma ya ukuta wangu, imezibwa na vijiti ambavyo mimi mwenyewe huwa navitoa mifukoni na kurudisha vikiwa safi.

Mchana mwanangu akaja kula. Nilimsubiri akae. Nikatoa kabari moja, nikaiweka kando ya sahani yake.

"Hii yako?"

Akaitazama. "Ya kazini hiyo, Mama."

"Najua ya kazini. Nakuuliza ni ya kumuua nani."

Mkwe wangu akaacha kupakua. Mwanangu akashusha sauti, yaani sauti yake ya kushusha, ambayo jirani wa tatu anaisikia. Akasema mimi sielewi. Betri zile za zamani zilikuwa ukizima injini haiwaki tena, na dereva ambaye injini yake imegoma njiani na abiria nyuma anaandikiwa makosa yeye, si betri. Wamezoea hivyo. Mashine mpya nani anaiamini? Halafu akasema lile ambalo nilijua litakuja.

"Na wewe, Mama, unajua kwetu injini zinazimwa lini."

Najua. Kwenye kota hizi injini zote huzimwa kwa jambo moja tu: dereva akifa. Mwili ukipita kwenda kuzikwa, wenzake wanazima, njia nzima inakuwa kimya, na kimya kile ndiyo salamu yao ya mwisho. Nilikisikia siku tuliyomzika mume wangu. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi, sijatoa chozi, ila kelele zilipokatika nikaanguka, wakanibeba. Ndiyo maana madereva hawapendi kabisa kuizima injini iliyosimama. Wanaona wanamwita mtu.

"Naelewa," nikamwambia. "Lakini baba yako ameshakufa. Huyu bado."

Akasukuma sahani, akavaa kofia, akatoka. Chakula kilibaki nusu.

Sikubishana naye zaidi. Nilirudi uani, nikachukua zile kabari zote, na ile yake pia, nikazitia motoni chini ya pipa la maji. Ziliwaka vizuri, mti mkavu ule. Ovaroli zao nikazifua, nikazipiga pasi, nikazikunja. Sijawahi kukunja nguo vizuri namna ile. Jioni walipitia kuzichukua, wakanishukuru, "Ahsante, Mama Dobi," mimi nikawajibu karibuni tena.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naanika. Injini tatu zimepangana nyuma ya ukuta, ya mwanangu ikiwa katikati. Niliambiwa baadaye jinsi ilivyokuwa: kila mmoja alisimamisha injini yake, akatia mkono mfukoni, hakukuta kitu. Wakaona si neno, watatafuta kijiti wakishakunywa chai, muda wenyewe mfupi. Wakaenda.

Ikazima ya kwanza. Nikainua kichwa. Ikazima ya pili. Halafu ya tatu ikakohoa, ikanyamaza nayo, na kota nzima ikawa kimya.

Ningekuwa mtu wa maana ningefurahi. Ni mimi niliyezichoma zile kabari. Ni mimi niliyekesha nikiombea kimya hicho. Lakini mwili haukuniuliza. Niliangusha shati lililolowa, nikajifunga khanga kiunoni, nikatoka mbio nikilia kwa sauti, nikitaja jina ambalo sijalitumia tangu mwanangu awe mtu mzima. Nilijua amekufa. Sikudhani, nilijua. Na sikuwa peke yangu. Milango ilikuwa inafunguka safu kwa safu, wanawake wanatoka, mmoja na unga mikononi, mwingine na mtoto mgongoni, wote wamejifunga, wote wanalia, na kila mmoja anamlilia wake.

Tulipofika reli tuliwakuta madereva wamesimama karibu na injini wamevua kofia. Wanatuangalia sisi, sisi tunawaangalia wao.

"Nani?" nikauliza. "Semeni, ni nani?"

"Sisi tulidhani mnakuja kutuambia," akajibu mmoja.

Mwanangu akatokea nyuma ya injini yake, mkononi bado ana kikombe cha chai. Nilimwona akitembea, mzima, na uso wake ule wa kuuliza, kwa kuwa hakuwa amesikia injini zikizima wala sisi tukilia. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Chai ikammwagikia. Halafu nikamkumbatia, nikalia sana, na nilikuwa na aibu, na sikujali.

"Kuna nini, Mama? Nani amefariki?"

"Hakuna," nikamwambia sikioni. "Zimezima zenyewe. Nimechoma kabari zenu."

Walitaka kunikasirikia, naona hawakujua waanzie wapi. Mwanangu akanishika mkono huu, jirani mmoja akanishika ule, wakanirudisha nyumbani, na wale wanawake wakatufuata nyuma, maana mtu akishatoka kwa kilio hawezi kugeuza tu akarudi kwenye sufuria zake. Wakaingia nasi sebuleni, wakakaa chini, wengine mlangoni. Wakaanza kucheka kidogo kidogo, kila mmoja anamsema mwenzake alivyokimbia.

Halafu kicheko kikafa.

Mjukuu wangu alikuwa amelala kwenye mkeka pale pale, ubavu, mama yake amemkalia karibu. Kifua chake kilikuwa kinalia. Mimi nilizoea kuweka sikio mgongoni ili nikisikie. Siku hiyo kilijaza chumba. Filimbi nyembamba akivuta hewa, halafu mkwaruzo akiitoa, halafu pengo, la muda mrefu kuliko inavyostahili mtu kusubiri, halafu filimbi tena. Wanawake wale wameishi kota hii miaka yote, wamembeba mtoto huyu, wamemlisha, na hakuna aliyewahi kusikia kitu kile. Jirani yangu alitia khanga mdomoni. Mwingine akainamisha uso.

Mwanangu alisimama katikati, anawaangalia mmoja mmoja. Aliona nyuso zao zimebadilika. Aliona mkewe anamtazama yeye.

"Mnasikia nini?" akauliza.

Nani angemwambia? Kimya kilikuwa kimetufikia sisi sote isipokuwa yeye. Nikamshika mkono nikamvuta chini, akapiga magoti. Nikauchukua ule mkono wake mpana, mgumu kwa mafuta na vyuma, nikaubandika mgongoni kwa mtoto.

Akatulia. Niliona kidole kimoja kinasogea kufuata kile kitu ndani, kinapanda, kinasimama, kinashuka. Alikaa hivyo muda. Alipokutana na lile pengo aliinua macho haraka kunitazama, na nikamwashiria asubiri, pumzi itakuja. Ikaja. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Iko hivi tangu lini?" akauliza.

"Tangu anajifunza kutambaa," mkewe akamwambia, akimwangalia ili asome midomo.

"Nilidhani mnatia chumvi," akasema. "Mungu wangu. Nilidhani mnatia chumvi."

Mlangoni akatokea dereva mwenzake, kofia mkononi. Akasema fundi wa umeme amejaribu injini ya kwanza, imewaka jaribio la kwanza bila shida, ameizima tena. Anauliza, wakate kabari nyingine wasubirie mabehewa kama kawaida, au vipi.

Mwanangu alimwona mdomo ukicheza lakini hakumwelewa, ikabidi nimrudilie mimi. Hakuondoa mkono mgongoni mwa binti yake.

"Mwambie huyu haendi kwa shangazi yake," akasema kwa ile sauti yake, na nje nzima ilisikia. "Mwambie atakayechonga kijiti kingine anitafute kwanza mimi."

Mtoto akafungua macho. Akamtazama baba yake, kisha akanigeukia.

"Bibi," akasema, akavuta hewa, mabega yakapanda. "Mbona baba... anafoka?"

"Mwache," nikamwambia. "Hajisikii."